Nusura niisafishe hadi diski ya Mama

Nimepotea kama wiki tatu hivi na najua wengine mlishaanza kusema nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa naunda kompyuta. Sio kununua jamani, KUUNDA, kwa bisibisi na mikono yangu mwenyewe, hapa hapa chumbani hosteli za Magufuli, juu ya kitanda changu maana meza ilikuwa na jiko la rumeti.

Kisa chenyewe kinaanzia Morogoro. Mama yangu ana steshenari: kopi, kuprinti, kuchapa barua, mitihani ya shule za jirani. Kompyuta yake tuliinunua mwaka 2013, ilikuja na Windows 7, halafu 2016 ile ofa ya kuhamia Windows 10 bure ilipokaribia kuisha nikambonyezea "ndiyo" nikiwa bado mtoto wa sekondari, nikajiona fundi wa taifa. Ikachapa kazi hadi Novemba 2025. Siku hiyo umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena, na mashine ikatoa harufu. Fundi wa pale mtaani akafungua, akanusa, akasema pawa saplai imekwenda na madabodi imeifuata. Hadi diski akaichomoa, akampa Mama kwenye mfuko wa rambo.

Mama akanipigia. "Baba, si unasoma mambo ya kompyuta?" Wadau, mie nasoma takwimu. Lakini utamwambiaje Mama? Akatuma laki sita na nusu, nikajua kabisa kwamba sehemu ni ya kikoba na inatakiwa irudi na riba. Na ile diski ikaja kwa basi, imefungwa kwenye khanga.

Kariakoo nilizunguka siku nzima. Nikarudi na prosesa ya Intel Core i3-12100, madabodi yake ya H610, RAM ya GB 8, kasha na pawa saplai. Kuunganisha si kazi ya kutisha kama watu wanavyodhani. Prosesa inakaa yenyewe ukiheshimu ile pembetatu ya pembeni, RAM inasukumwa hadi ilie "tak". Kilichonitoa jasho ni vile viwaya vidogo vya kitufe cha kuwashia, ambavyo nadhani vilibuniwa na mtu mwenye kinyongo na vidole vya binadamu. Hadi diski ndiyo ilikuwa rahisi kuliko vyote: waya mmoja wa data, mmoja wa umeme, skrubu 4, basi. Feni ikazunguka. Rumeti akapiga makofi.

Halafu skrini ikatuambia hakuna kitu cha kuwakia.

Nikaingia kwenye mipangilio ya madabodi. Diski inaonekana, jina lake, ukubwa wake, kila kitu. Kwa hiyo haijafa. Lakini kwenye orodha ya vitu vya kuwakia, patupu! Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikazima nikawasha, patupu. Mama saa 2 usiku: "Imewaka?" Nikajibu imewaka, maana feni ilikuwa inazunguka kweli, sikudanganya.

Basi bwana, kwa akili zangu nikasema shida ni Windows, tuweke upya. Nikachomeka flashi yenye Windows, nikafika pale pa kuchagua diski. Ikakataa. Ikaniambia diski hii imepangwa kwa mtindo wa MBR, na kompyuta za EFI zinakubali kuwekewa Windows kwenye GPT tu. Nikagugo kwenye simu. Jibu la kwanza, la pili na la tatu yalikuwa yale yale: bonyeza Shift na F10, andika diskpart, chagua diski, andika clean, kisha convert gpt. Dakika mbili umemaliza. Walioandika walikuwa wanashukuriwa na watu kibao.

Nikaandika diskpart. Nikaandika list disk. Diski 0, GB 465 (ndiyo ile ile ya GB 500, mwenye kiwanda anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024). Nikaandika select disk 0. Nikaandika c, l, e, a, n. Kidole kiko kwenye Enter.

Rumeti wangu anasoma sheria. Kwenye kompyuta anajua Word na muvi. Alikuwa amesimama nyuma yangu anakula chipsi, akauliza tu, "Hilo neno linafanya nini?"

"Linasafisha."

"Linasafisha nini?"

Nikakaa kimya. Sikuwa na jibu. Nikarudi kwenye simu nikasoma tena, safari hii hadi chini kabisa, na kule chini kuna mtu mmoja hakushukuriwa na yeyote aliandika kwamba amri ile inafuta mpangilio wote wa diski na kila kilichomo huwezi kukifikia tena kwa njia ya kawaida. Kwenye diski ile kuna miaka 12 ya steshenari. Kuna faili la Excel linaitwa MADENI. Kuna picha ya baba tuliyoiskani kwa ajili ya ratiba ya mazishi, na ile ya karatasi ilishapotea tulipohama nyumba. Nikafuta yale maneno herufi moja moja. Mikono ilikuwa inatetemeka jamani, sifichi.

Usiku ule sikulala, nilisoma. Kumbe jambo lenyewe linaeleweka ukielezwa taratibu. MBR ni mpangilio wa mwaka 1983, enzi za DOS. Ule mwanzo kabisa wa diski unabeba ramani ya vyumba, visivyozidi vinne vikuu, na kijiprogramu cha kuwashia. Madabodi ya zamani yenye BIOS ilikuwa inakwenda pale pale mwanzo na kufuata maelekezo. Madabodi za sasa zina UEFI. Hizo haziangalii pale, zinatafuta kijichumba maalumu chenye faili la kuwashia. Kwa miaka mingi madabodi zilibeba njia zote mbili, mpya na ya zamani, lakini kwenye mashine kama hii niliyounda, ambayo haina kadi ya picha na inategemea picha za ndani ya prosesa ya Intel, njia ya zamani haipo tena. Kwa hiyo diski ya Mama ilikuwa nzima na madabodi ilikuwa nzima, ila kila mmoja anagonga mlango ambao mwenzake hakai. Lile somo la kuhamisha diski kutoka mashine moja kwenda nyingine, ambalo mafundi wetu wa mtaani wamelifanya miaka yote kwa kuchomoa na kuchomeka, lina hii kona sasa.

Asubuhi nikaazima diski ya nje kwa mshikaji wa CoICT. Nikawasha mashine kwa Ubuntu iliyoko kwenye flashi, bila kuiweka, inakimbia kwenye flashi yenyewe. Diski ya Mama ikafunguka kwa kusoma tu, ikakataa kuandikwa, kwa sababu Windows yake haikuzimwa vizuri siku ile ya moshi. Kwangu mie ilikuwa heri. Nikafungua programu ya Ubuntu ya kukagua diski: hali ni nzuri, sekta mbovu 24. Ishirini na nne! Ile diski ilikuwa inazeeka kimya kimya na mie nilitaka kuifanyia mbwembwe.

Kunakili kulichukua saa 5 na nusu. Sikutoka chumbani, hata kwenye semina sikwenda. Faili la MADENI lilipofika upande wa pili nikalifungua kuhakikisha. Shule moja inadaiwa mitihani ya muhula mzima. Mwalimu wa kwaya anadaiwa. Mjumbe anadaiwa. Mstari wa 31 kuna jina langu. Nguo za fomu five, laptopu ya mkopo iliyoibiwa mwaka wa kwanza, hela ya field. Hakuna jumla, hakuna tarehe ya kulipa, na yale maandishi mekundu anayowawekea wengine mie hakuniwekea. Rumeti akataka kuchungulia nikafunga haraka, nikamwambia ni mambo ya ofisi.

Baada ya hapo ndipo nikafanya lililotakiwa kufanywa tangu mwanzo. Microsoft wenyewe wana kifaa kinaitwa mbr2gpt, kilikuja na Windows 10 mwaka 2017, nacho kinageuza mpangilio bila kufuta vitu. Kina masharti: vyumba vikuu visizidi vitatu, maana kinahitaji nafasi ya kuongeza kile kijichumba cha kuwashia. Diski ya Mama ilikuwa na vitatu kamili. Shift na F10 tena, kwanza mbr2gpt /validate /disk:0 ili ikague tu, ikasema sawa. Halafu /convert. Haikufika dakika moja. Bila ile nakala ya pembeni nisingethubutu, na sekta 24 zile wala msinishauri.

Nikawasha. Kiduara kikazunguka, ikasema inaandaa vifaa, ikajizima, ikajiwasha. Kisha hao! Skrini ya Mama, picha ya ua lake la nyumbani, aikoni zimejaa hadi zimepandana, kila kitu pale pale alipokiacha siku ya harufu.

Kilichobaki nitakimaliza taratibu. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo itabidi ihamie 11, na mashine inaiweza. Na bumu likitoka nanunua SSD, ile diski ya zamani istaafu, hiyo nimejiapia.

Jumamosi nikaipakata hadi stendi ya Mbezi, nikapanda nayo basi, kasha mapajani kama mtoto. Mama akaiwasha mwenyewe. Akafungua MADENI kwanza kabla ya kitu kingine chochote, akashusha hadi chini, akapandisha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaona maandishi hafifu pale kona ya chini kulia, yanayosema Windows haijalipiwa leseni, maana leseni ya zamani ilifungwa na ile madabodi iliyoungua.

"Baba, hawa nao wanataka nini?"

"Wanadai hela, Mama."

"Wengi wanadai," akasema, akavuta kiti, akaanza kuchapa barua ya mteja.