Gemu Ndani ya Qubes

Jumamosi, 1 Februari 2025

Mpwa wangu amehamia kwangu mpaka mfungo uanze. Hata begi hajalifungua, swali limeshatoka: "Mjomba, mashine ya RAM gigabaiti 32 inashindwaje gemu ya magari?" Nilikuwa nimemwekea SuperTuxKart katika kyubu isiyo na intaneti. Muziki ulipiga vizuri. Gari likatoka kwenye mstari, likaganda, likaja kuonekana tena limeshafika kwenye kona.

RAM haina hatia. Qubes, mfumo endeshi wa mashine hii, ni nyumba ya kupanga: kila chumba na kufuli lake, lakini televisheni iko sebuleni kwa mwenye nyumba na hakuna mpangaji anayeigusa. Mwenye nyumba ni dom0, yeye ndiye mwenye kadi ya michoro. Kila kyubu, yaani chumba, ni mashine pepe juu ya Xen, programu inayozitenganisha mashine hizo, na hujichorea picha zake kwa nguvu ya prosesa tu, kupitia programu iitwayo llvmpipe. Kisha dom0 huzichukua na kuziweka kwenye skrini, kila dirisha na mpaka wake wa rangi. Barua na jedwali za Saccos ninayoitunzia hesabu hazisumbuki na utaratibu huo. Gemu ya pande tatu inasumbuka sana.

Tena prosesa ya i7-7700 ya OptiPlex hii, kompyuta yangu, ina kore 4 na nyuzi 8, ila Qubes huzizima zile nyuzi za ziada tangu 2018, ilipodhihirika kwamba kwenye prosesa za Intel mpangaji mmoja anaweza kuchungulia data za mwenzake anayeshiriki naye kore moja. Zimebaki 4, na humo humo sys-net na sys-firewall, kyubu za mtandao, nao wanataka riziki yao.

Jumapili, 2 Februari

Leo nimemwonyesha kinachowezekana. Doom, ile ya 1993, iliandikwa enzi ambazo prosesa ndiyo iliyochora kila kitu, fremu 35 kwa sekunde, nukta 320 kwa 200. Chocolate Doom pamoja na ramani za Freedoom inakwenda bila shida hata ndani ya kyubu. Wesnoth pia, maana inachezwa kwa zamu na haimkimbizi mtu. Kijana aliidharau, lakini saa sita usiku nilimkuta bado anapanga majeshi.

Kinachomuudhi ni ule mpaka mwekundu kuzunguka dirisha. Anataka skrini nzima. Nikamweleza kwamba Qubes huzuia programu kujitanua skrini nzima yenyewe kwa sababu kyubu ovu inaweza kuchora dawati la uongo lenye kisanduku cha nywila, nawe ukaandika. Ruhusa ipo, nayo hutolewa kwa kyubu moja moja. Sikuitoa. Ule wekundu ndio unaonikumbusha nimo chumba gani.

Jumatano, 5 Februari

Ameniuliza nani aliyebuni balaa hili. Nikamsimulia Joanna Rutkowska wa Poland. Mwaka 2006, kwenye mkutano wa Black Hat kule Las Vegas, alionyesha Blue Pill: namna ya kuuhamishia mfumo endeshi ndani ya mashine pepe ilhali unaendelea kufanya kazi, wenyewe usijue. Mwaka 2010 yeye na wenzake wa Invisible Things Lab, Warsaw, wakaitangaza Qubes, yaani teknolojia ileile ya mashine pepe ikageuzwa ngao. Toleo 1.0 lilitoka 2012, na 2018 akamwachia uongozi Marek Marczykowski-Górecki.

Kijana alichoshika ni Las Vegas tu.

Jumamosi, 8 Februari

Kariakoo. Nimepata kadi ya michoro ya mtumba, GTX 1050 Ti, ya aina isiyohitaji waya wa umeme wa pembeni, maana pawasapulai ya OptiPlex ni ya kiofisi na haina ubavu wa kulisha kadi kubwa. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, feni zikazunguka, tukaelewana.

Mpango ni huu. Dom0 ibaki na michoro ya Intel iliyomo kwenye prosesa. Kadi mpya akabidhiwe mpangaji mmoja tu, kyubu niliyoiita "michezo", aitumie moja kwa moja. Ili hilo liwe salama lazima VT-d iwe imewashwa kwenye BIOS. Bila hiyo, kifaa kilicho mikononi mwa mpangaji kinaweza kusoma na kuandika kumbukumbu ya nyumba nzima, na hapo kufuli zote ni mapambo.

Kadi yenyewe hujitambulisha kama vifaa viwili, michoro na sauti ya HDMI, na vyote viwili lazima vifichwe dom0 isivione tangu mashine inapowaka. Hilo hufanywa kwenye mstari wa GRUB kwa rd.qubes.hide_pci. Baada ya hapo ni amri ya qvm-pci ya kuikabidhi kadi, na kyubu iwe ya aina ya HVM yenye RAM isiyobadilika, kwa kuwa mgao wa RAM wa kupanda na kushuka haupatani na vifaa vya PCI.

Kisha waya wa pili wa skrini. Watu wengi hapa hushangaa: picha ya kadi hii hairudi dom0 kabisa, hutoka kwenye tundu la kadi yenyewe. Skrini yangu ina matundu mawili, kwa hiyo nabonyeza kitufe chake ili nitoke kazini niingie mchezoni. Pedi ya kuchezea hupitia sys-usb, kyubu inayopokea kila kinachochomekwa, kisha naielekeza "michezo".

Jumapili, 9 Februari

Asubuhi nzima imekwenda kwenye shida ya zamani inayojulikana: kyubu yenye kadi ya michoro ikipewa RAM inayozidi gigabaiti 3 na nusu hivi, draiva inagoma. RAM na kadi hugombea anwani zilizo chini ya gigabaiti 4, na kadi ndiyo inayokosa pa kukaa. Dawa ni kuiambia ile mashine ndogo inayoiga vifaa vya kyubu iache nafasi mapema. Kwa gigabaiti 2 iliwaka mara moja. Baada ya dawa, 8, bila malalamiko.

Mchana Euro Truck Simulator 2 ilikwenda laini kabisa. Sijui kama kijana alifurahi kuliko mimi.

Jioni akatoa flashi yenye faili za mabasi ya mikoani alizopewa na rafiki yake. Hapa ndipo niliposhukuru mpangilio huu. Flashi imechomekwa, sys-usb imeipokea, faili zimenakiliwa kwenda "michezo", na dom0 wala kyubu ya Saccos hazikuzigusa faili hizo. Basi likatoka stendi na honi yake. Kama ndani yake mna kirusi, kitakuta gemu na pedi.

Alhamisi, 13 Februari

Habari za wiki hii zimenifanyia kazi ya kueleza. Valve imeiondoa kwenye duka lake la Steam gemu ya bure iitwayo PirateFi baada ya kugundulika kuwa imebeba programu ya kuiba nywila na vidakuzi vya kivinjari. Walioicheza wamepelekewa ujumbe wafikirie hata kufuta mfumo endeshi na kuuweka upya. Hiyo si gemu ya kuokota vichochoroni, ilikuwa kwenye duka kubwa kuliko yote ya gemu za kompyuta.

Nimemsomea kijana. Akauliza, "Na sisi tungeicheza?" Ingeiba kutoka kwenye kivinjari kisicho na kitu, nikafuta kyubu, nikatengeneza nyingine.

Jumapili, 16 Februari

Sasa anataka FC, ile ya mpira ya EA, iliyokuwa ikiitwa FIFA. Nilijua itafika.

Tangu FIFA 23, EA imeweka kinga yake dhidi ya udanganyifu katika kerneli ya Windows. Vanguard ya Riot, inayolinda Valorant tangu 2020, ni ya namna hiyohiyo, na hiyo ikigundua imo ndani ya mashine pepe inagoma. Kuna wanaojaribu kuificha mashine pepe isitambulike, na akaunti zao hufungiwa. Sitaki mchezo huo wa paka na panya.

Naelewa kwa nini wachezaji wanataka kinga, maana kucheza na mwizi hakuna raha. Lakini bei ni kubwa mno. Mwaka 2013 kinga ya ligi ya ESEA ilikutwa imebeba msimbo uliofichwa wa kuchimba Bitcoin kwa kompyuta za wachezaji. Mwaka 2022 Trend Micro walieleza jinsi wahalifu walivyoitumia draiva ya kinga ya Genshin Impact kuzima antivairasi, hata kwenye mashine ambazo gemu hiyo haikuwahi kuwekwa. Draiva ilikuwa na saini halali, basi Windows ikaifungulia mlango.

Kijana hakubishana, alinuna tu.

Jumamosi, 22 Februari

Wiki moja kabla ya mfungo, naandika uamuzi ili nisiulizwe tena.

"Michezo" ina akaunti yake ya Steam, haina kadi ya benki, haina barua pepe yangu. Ile 1050 Ti haitahamishiwa kyubu nyingine hata siku moja, kwa kuwa programu iliyochomwa ndani ya kadi yenyewe inaweza kuchezewa, na ukiifuta kyubu hiyo haifutiki.

Akitokea mtu akaniuliza aanzie wapi, nitamwambia asifuate njia yangu. Mwenye hela ya kadi na skrini ya matundu mawili yuko karibu kabisa na hela ya kompyuta ya pili iliyotumika, na mashine mbili zisizojuana ni kuta nene kuliko zote ambazo Xen inaweza kujenga. Mimi nimebanwa na chumba kimoja, meza moja na UPS inayobeba mashine moja.

FC atacheza kwenye PlayStation kwa rafiki yake. Kwenye mashine inayotunza hesabu za wanachama wa Saccos, gemu inayodai kerneli haiingii.