Bustani Juu ya Mawe ya Bunyore

Ukitoka Kisumu kwa njia ya Busia, barabara hupanda kilima hadi Maseno, mahali unapopita mstari wa Ikweta. Mbele kidogo ni soko la Luanda, na hapo ndipo uingiapo nchi ya Bunyore. Mgeni hushangazwa na mambo mawili: wingi wa watu na ukubwa wa mawe. Majabali yamekaa vilimani kama ng'ombe waliolala, na nyumba zimejengwa katikati yake. Mvua si haba huko. Kilicho haba ni udongo, na mashamba hugawanywa tena kila kizazi.

Huko ndiko akaako shangazi yangu, ambaye ni mjane. Shamba la ukoo lilipogawanywa, sehemu aliyopewa ilikuwa mawe matupu. Jembe likipigwa hutoa cheche. Mimi, karani niliyezoea kalamu, nilimshauri amwachie shemeji yake sehemu hiyo, aje akae kwangu mjini. Alinijibu kwa upole, "Mwanangu, nikiondoka hapa, watoto wangu watarudi wapi?" Sikuwa na la kusema.

Nilipomzuru mwezi wa Agosti, baada ya mavuno ya mahindi, nilikuta matuta saba yaliyoinuliwa juu ya mawe yale yale. Kazi yake huifanya hivi. Kwanza huokota mawe na kuyapanga bila saruji, ukuta wa futi mbili kwenda juu. Upana wa tuta ni futi nne, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande pasipo kukanyaga udongo. Chini hutandika vijiti na mabua yaliyokatwakatwa, ili maji yasituame. Juu yake huweka majani mabichi, hasa ya yale maua machungu ya manjano yaotayo kandokando ya barabara, ambayo wataalamu waliyachunguza Maseno katika miaka ya 1990 wakayaona yana rutuba nyingi. Kisha samadi, kisha udongo kidogo na majivu. Ndipo huanza tena na mabua. Kila tabaka hunyunyiziwa maji. Mwisho hufunika kwa udongo mzuri kadiri ya shibiri moja.

Nilimkiri kwamba mimi nami nilijaribu nyuma ya nyumba yangu, nikashindwa. Nilijaza mabua makavu, nikapanda siku ile ile; sukuma wiki ikageuka manjano na tuta likabonyea. Shangazi alicheka. Akanieleza kuwa mabua makavu yanapooza hula chakula cha mimea, hivyo yataka majani mabichi na samadi, tena yataka subira. Akachomoa fimbo ndefu iliyochomekwa tutani, akanishikisha ncha yake. Ilikuwa ya moto.

"Hapa bado," akasema. "Ikitoka na uvuguvugu tu, tena imelowa, panda."

Katika matuta ya zamani mlikuwa na mnavu, mgagani na kunde. Mboga hizo huziuza Luanda, na karo ya watoto hutoka humo. Jirani waliomcheka sasa huja kumwuliza namna ya kupanga mawe.

Siku ile nilivua koti, nikabeba mawe ya tuta la nane mpaka jua likatua. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami niliinama, wala sikumshauri tena kuhama.