Sindano za Pemba na Daftari Langu

Mpwa wangu ana usonji, na mimi mjomba wake ndiye niliyembana miguu ili achomwe sindano kichwani. Naandika haya kwa sababu wapo wazazi, Palma na Pemba, waliowapeleka wanao kulekule kwa neno langu, na mpaka leo nikipita wananiamkia kwa heshima nisiyostahili.

Pemba ninayoitaja si kisiwa cha karafuu. Ni mji mkuu wa Cabo Delgado, ule ulioitwa Porto Amélia zama za Wareno. Tulifika huko kama maelfu ya watu wa Palma baada ya shambulio la 24 Machi 2021, tukapokewa na jamaa mtaa wa Paquitequete, katika nyumba iliyokwisha kujaa wakimbizi wa kabla yetu. Mtoto alikuwa na miaka sita. Palma alikuwa na taratibu zake: uji katika kikombe kilekile cha bati, kisha barazani, akifungua na kufunga kifuniko cha chupa ya chai mpaka bibi yake aje amnyang'anye. Paquitequete hapakuwa na kikombe wala baraza. Helikopta ikipita aliziba masikio, akajipigiza ukutani, akalia hadi sauti ikakauka. Yeye halali, na nyumba nzima hailali.

Mama yetu alileta dawa aijuayo, kombe. Mwalimu wa chuo aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mtoto akanyweshwa. Nilicheka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na siku zile nilikuwa nawatafsiria wageni wa mashirika, basi nikajihesabu mtu wa sayansi. Nikamwambia, "Mama, haya mambo yamepitwa na wakati." Hakunijibu.

Kisha nikasikia habari za tabibu mmoja pale mjini aliyetibu migongo na viharusi kwa akupancha. Nilipomwendea alisema inawafaa hata watoto wasiosema. Tiba hii si ngeni kwetu. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964 na Msumbiji mwaka 1976, na pwani yote hii hukosi mtu aliyechomwa kwa ajili ya kiuno akarudi akisifu. Mimi sikutaka kumwendea tabibu kama watu wanavyomwendea mganga. Nikamwambia dada yangu kuwa tutafanya majaribio hasa, kwa maandishi. Nikanunua daftari.

Kosa langu kubwa zaidi ni lile daftari, si sindano zenyewe. Bila daftari ningekuwa mjomba mmoja mwenye matumaini. Kwa kuwa nalo nikawa shahidi.

Kila tulipotoka kwa tabibu niliandika usingizi, kilio, maneno, kutazamana na watu, na kila kimoja nikakipa alama, kama ninavyosahihisha insha. Alama zikapanda. Alianza kulala. Siku moja akasema "maji", nikaliandika neno hilo kwa wino mwekundu. Na mara nyingi niliandika kwamba baada ya sindano hutulia.

Nieleze kutulia kwenyewe. Dada alimkumbatia kifua, mimi nikaibana miguu yake kati ya magoti yangu, na sindano zikaingizwa moja moja kuanzia utosini kuteremka kwenye paji. Siku za mwanzo alipiga kelele na kuniuma bega. Baadaye aliacha. Mwili ulikakamaa, macho yakaganda kwenye dari, mkojo ukamtoka, nami nikausikia ukilowesha suruali yangu. Tulipofika nyumbani nilibadili nguo, nikafungua daftari nikaandika: ametulia, nane juu ya kumi.

Nilikuwa nikimsimulia muuguzi mmoja tuliyefanya naye kazi, nikitaraji pongezi, akaniuliza, "Umemlinganisha na nani?" Nikamwambia nimemlinganisha na alivyokuwa mwanzo. Akauliza mwanzo upi. Nikamwonyesha ukurasa wa kwanza, ulioandikwa jioni ya sindano ya kwanza, siku chache baada ya usiku mbaya kupita zote tuliopata kuuona. Hapo aliponyamaza nikaanza kuelewa. Tulimpeleka mtoto hali yake ilipofika chini kabisa. Anayepiga ngoma ufukweni wakati maji yamekupwa yote atayaona yanajaa, naye ataapa kuwa ni ngoma yake.

Na katika majuma yaleyale mengine mengi yalikuwa yamebadilika. Tulikuwa tumepata chumba chetu cha kupanga. Dada alikuwa amepata kikombe cha bati sokoni. Na kwa kuwa hakuwa tena na shamba wala biashara, alishinda na mwanawe kutwa, jambo ambalo Palma hakuwahi kulipatia nafasi. Hayo yote hayakuwa na safu katika daftari langu. Sindano tu ndizo zilizokuwa nayo.

Nikamuuliza dada kuhusu lile neno jekundu. Akasema, "Kaka, maji alikuwa akisema tangu Palma. Aliacha tulipokimbia." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Hukuniuliza. Na wewe ndiye uliyesoma."

Kinachonitia haya zaidi ni kwamba jinsi ya kupima tiba kwa watoto Msumbiji inajulikana, wala si lazima uende Ulaya kuitafuta. Mwaka 2003, kule Manhiça, kusini mwa nchi, watafiti walianza kujaribu chanjo ya malaria kwa watoto 2,022 wa miaka 1 hadi 4. Baadhi walipewa chanjo hiyo, wengine wakapewa chanjo nyingine za magonjwa mengine, na kura ndiyo iliyoamua nani apate ipi. Wazazi hawakujua. Waliowapima watoto nao hawakujua. Matokeo yalitoka mwaka 2004: chanjo ilipunguza malaria kwa kiasi cha asilimia 30, na malaria kali kwa asilimia 58. Si muujiza, ila ni nambari unayoweza kuitegemea, maana aliyeihesabu hakuwa akijua ahesabu kwa faida ya nani. Mimi nilijua. Nililipa, nikambana miguu, nikatoa alama, kisha nikatangaza matokeo.

Hata akupancha yenyewe imekwisha kupimwa kwa watoto wenye usonji. Mwaka 2011 madaktari wa Hong Kong walikusanya majaribio waliyoyapata kwa ajili ya mapitio ya Cochrane. Mmoja wao, Virginia Wong, alikuwa amewahi kuwachoma watoto sindano za ulimi katika tafiti zake mwenyewe, kwa hiyo hakuwa adui wa tiba hii. Walipata majaribio 10 yenye watoto 390, wa miaka 3 hadi 18, kutoka Hong Kong, China bara na Misri. Pale sindano halisi zilipolinganishwa na za kuigiza, mzazi asijue mwanawe kapata zipi, dalili zenyewe za usonji hazikutofautiana. Kulikuwa na nafuu hapa na pale katika vipimo vya pembeni, isiyotosha kumshauri mzazi yeyote. Hukumu yao ilikuwa kwamba ushahidi uliopo hauungi mkono kutumia akupancha kutibu usonji. Tangu hapo tafiti nyingine zimetoka, nyingi China, baadhi zikitoa matokeo mazuri. Ila nyingi zinafanana na daftari langu kuliko na Manhiça, kwa kuwa anayejaza fomu anajua mtoto amechomwa.

Katika madhara waliyoyaorodhesha yumo mtoto anayelia kwa hofu au maumivu. Wao waliandika hofu. Mimi niliandika nane.

Niliporudi na habari hizi dada alikataa. "Lakini alilala, kaka." Sikumlaumu, maana yaliwahi kutokea kwa wenye shule zao. Marekani mwaka 1999 watoto 60 wenye usonji waliingizwa katika jaribio la homoni ya sekretini, iliyokuwa ikisifiwa kila kona. Waliopata dawa walipata nafuu, na waliopata maji ya chumvi wakapata nafuu ileile. Wazazi walipoelezwa hivyo, asilimia 69 walisema bado wanaitaka. Mzazi haoni kundi la pili. Anamwona mwanawe tu, na mwanawe kalala.

Ila mimi sikuwa mzazi, na kabla ya muuguzi yule kuniuliza nilikwisha kuitangaza tiba mtaa mzima, daftari mkononi. Wazazi waliniamini kwa sababu ya zile alama. Mama mmoja aliuza cherehani yake, chombo pekee alichokimbia nacho, ili alipie sindano za binti yake. Binti hakupata lolote ila woga. Nilipomwendea mama huyo kumweleza, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, mbona hukusema hujui?" Namlipa kidogo kidogo, naye ameanza kushona tena kwa cherehani ya kuazima.

Tumerudi Palma. Mpwa wangu amekua, ana maneno yake, machache, na ameyapata kama watoto wengi wa hali yake wanavyoyapata, kwa miaka na kwa mama asiyechoka kumsemesha. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto kama yeye, ya kucheza na kuzungumza nao ndani ya kazi za kila siku za nyumbani, na yamefundishwa mpaka Ethiopia. Ukiyatazama utaona ni yale aliyoyafanya dada katika kile chumba cha kupanga, bila malipo, huku mimi nikihesabu sindano. Lakini kichwani mtoto haguswi. Kunyolewa sikukuu ni vita, kofia haivai, na mimi nikikaa karibu naye hukunja miguu akaiweka chini ya kanzu. Kombe la mama yangu halikumponya, ila halikumwachia hili.

Kwa hiyo, mzazi uliyempeleka mtoto wako kwa sababu ya mwalimu wa Palma mwenye daftari: sikuwa na ushahidi wowote, na niliyokuambia hayakuwa kweli. Kama bado anachomwa, msimamishe. Kama uliuza kitu kwa neno langu, nipo shuleni kila asubuhi, njoo tuzungumze namna ya kukulipa.