Mkunga Aliyekuwa Ng'ombe (Stori za Zamu, sehemu ya 9)

Sehemu ya 8 tuliongelea kitovu cha mtoto mchanga, na najua bado kuna maswali, nitayarudia. Leo naomba mnivumilie. Naanzia mbali, kwenye vitabu vya katuni vya Wamarekani, halafu nitafika nyumbani kwangu. Msinikimbie katikati.

Mwanangu ana miaka 11, yuko darasa la tano. Anapenda Avengers kuliko chakula. Likizo iliyopita mjomba wake alimletea bunda la vitabu vya katuni vya zamani, vingine havina majalada, akavisoma hadi vikachanika. Jumamosi moja nimetoka zamu ya usiku, nimelala kama masaa mawili hivi, nikasikia mtu ananivuta shuka.

"Mama, eti baba yake Wanda ni nani hasa? Kila kitabu kinasema mtu mwingine."

Nikamwambia mwanangu, niache nilale. Akaondoka. Lakini usingizi haukurudi, kwa sababu nitakayowaambia huko chini.

Jioni tukakaa wote mezani, tukaanza kufukua. Jamani, mimi nimefanya kazi leba miaka kumi na nimeona mengi, ila hii familia imenishinda.

Kwa wasiomjua: Wanda Maximoff, anaitwa pia Scarlet Witch, na pacha wake Pietro, anayekimbia kuliko gari, walitokea mara ya kwanza kwenye kitabu cha X-Men namba 4, Machi 1964. Waliowaumba ni Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Walikuwa mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu zao, hawakuzipata ukubwani kwa ajali ya maabara au kwa kung'atwa na buibui. Wakati huo hawana baba wala mama, ni mapacha tu waliokuwa wanazunguka Ulaya. Watu wa kijiji kimoja walitaka kumuua Wanda, Magneto akamwokoa, na kwa deni hilo wakamtumikia. Kumbukeni hilo jina, Magneto. Mwaka 1964 alikuwa bosi wao tu, tena bosi mkali.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 1974 mwandishi mwingine, Roy Thomas, akaamua hawa watoto wapate wazazi. Akawapa mashujaa wa zamani wa miaka ya vita: baba ni Robert Frank, aliyeitwa Whizzer, naye alikuwa mkimbiaji, na mama ni Miss America, aliyefariki kwa uzazi. Ikakaa vizuri. Baba mkimbiaji, mtoto mkimbiaji, nani atabisha?

Mwaka 1979 ikafutwa. Na hapa ndipo ninapowaomba mkae kitako, maana anaingia mkunga mwenzangu.

Anaitwa Bova. Ni ng'ombe. Sitanii. Kwenye mlima mmoja wa kubuni unaoitwa Wundagore, kuna mwanasayansi aliyegeuza wanyama wakawa kama watu, na huyu ng'ombe akawa mkunga wake. Anavaa nguo, anaongea vizuri, ana huruma kuliko baadhi yetu. Usiku mmoja wa baridi kali anafika mwanamke mjamzito, Magda, anamkimbia mumewe. Bova anamzalisha mapacha salama. Magda anaogopa kwamba mumewe akijua kuna watoto atawafuata, basi anawaacha hapo, anatoka nje kwenye theluji, harudi.

Muda si mrefu anafika yule Miss America na mumewe. Mtoto wao anazaliwa amekufa, na mama naye anafariki. Bova anabaki na baba aliyefiwa mara mbili upande mmoja, na mapacha wasio na mtu upande wa pili. Akafanya nini? Akamwambia yule baba: hawa hapa ndio watoto wako.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza.

Mama zangu, nyie mliojifungulia hospitali mnakumbuka. Mtoto akitoka tu, kabla hata hujapumua vizuri, mkunga anakunyanyulia anakuuliza, "Mama, umepata mtoto gani?" Wengine mnakasirika, mnaona huyu nesi hana akili, kwani yeye haoni? Anaona. Anataka useme wewe kwa mdomo wako, ili kesho na keshokutwa asitokee mtu akasema vingine. Kisha mtoto anafungwa utambulisho mkononi, inaandikwa saa, uzito, jina la mama. Vyote hivyo ni kwa sababu ya usiku kama ule wa Bova.

Lakini niwe mkweli, nilimwelewa. Nimeshasimama na baba kwenye korido, mke amefariki, mikono yake inaning'inia tu haina cha kushika. Wakati ule ukiwa na kitu chochote cha kumpa, utatamani umpe. Bova alikuwa nacho. Huyo baba kwa uchungu alitoka mbio hata watoto hakuwachukua, na mwisho mapacha wakapewa mtu na mkewe wa Kiroma, Django na Marya Maximoff, waliokuwa wamepoteza watoto wao wenyewe. Ila uongo haukuondoka naye. Whizzer aliendelea kuishi akiamini ana watoto mahali fulani.

Mnajua tena? Kwenye miniseries ya Wanda na mumewe Vision iliyoanza 1982, mume wa Magda akajulikana. Ni Magneto. Yule bosi. Kumbe alikuwa anawatesa wanawe mwenyewe bila kujua, na wao wanamchukia baba yao bila kujua. Mwanangu alipofika hapo alishika kichwa kwa mikono miwili kama mzee aliyeibiwa mbuzi. Hiyo ikakaa zaidi ya miaka 30. Kuna watu wamekua, wakaoa, wakazaa, wakijua Wanda ni binti wa Magneto.

Mwaka 2014 ikafutwa tena. Wanda anapiga uchawi wa kuwadhuru watu wa damu yake, Magneto amesimama palepale, haumtikisi. Kumbe si damu yake. Mwaka uliofuata wakaambiwa kwamba hata mutanti hawakuwa, yule mwanasayansi wa Wundagore aliwachezea mwilini walipokuwa wadogo. Halafu kwenye vitabu vya Wanda vilivyoandikwa na James Robinson vilivyoanza mwishoni mwa 2015, akatokea mama mzazi mwingine kabisa, Natalya Maximoff, na wale walezi Django na Marya kumbe walikuwa ndugu zake.

Kwenye sinema ndiyo usiseme. Haki za X-Men zilikuwa kwa kampuni ya Fox, Avengers ni ya Marvel na Disney, kwa hiyo kulikuwa na Pietro wawili wa kampuni mbili. Wa Fox, kwenye sinema ya 2016, anajua baba yake ni Magneto. Wa Avengers, kwenye sinema ya 2015, wazazi wake waliuawa na bomu nyumbani kwao, na mutanti hatajwi. Mtoto mmoja, baba wawili, kwa sababu ya mikataba.

Sasa mwanangu alidhani kinachoniumiza ni akina baba hao. Hapana. Kuna sehemu moja yeye aliipita haraka, mimi nikabaki hapo. Mwaka 1986 Wanda alijifungua mapacha, Thomas na William. Mimba ilikuwa ya uchawi, sawa, mumewe ni roboti, lakini alibeba, alijifungua. Mwaka 1989 mwandishi mwingine akaja akasema wale hawakuwa watoto, walikuwa vipande vya roho ya pepo mmoja aitwaye Mephisto. Wakachukuliwa. Na mwalimu wake, Agatha, kwa nia njema kabisa, akamfutia kumbukumbu ili asiumie.

Kwa nia njema. Nawaambia ukweli, mama aliyepoteza mtoto nimemhudumia mara nyingi, na kila mara kuna ndugu mmoja nje anaomba, "Sista, msimwonyeshe, atasahau haraka." Hasahau. Kumbukumbu za Wanda zilirudi miaka mingi baadaye, na hasira yake ikaharibu kila kitu, watu wakafa, mutanti karibu wote wakapoteza nguvu zao. Mwandishi wa katuni alijua jambo ambalo ndugu wa kwenye korido hataki kulisikia.

Chuoni, kwenye diploma, somo la kuandika faili walitufundisha hivi: ukikosea, usifute, usipake wino mweupe, usichane karatasi. Piga mstari mmoja tu ili maneno ya chini yaendelee kusomeka, andika sahihi pembeni, saini, weka tarehe. Mwalimu wetu alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa sindano. Hawa waandishi wa Wanda hawakupita chuo chetu.

Na mimi niliyepita, nilifanya nini?

Haya, tufike nyumbani.

Mwanangu sikumzaa mimi. Alimzaa dada yangu mkubwa, mimi nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, akafariki alfajiri. Baba wa mtoto hakuonekana tena. Mtoto nililetewa ana siku tisa, kwenye kanga ya dada. Marehemu mama yangu alisema neno moja, tukalitii wote: "Huyu mtoto ana mama. Asiambiwe hana." Nikaolewa, mume wangu akampokea kama wake. Siku ya kumwandikisha shule, kwenye fomu kuna mstari umeandikwa JINA LA MAMA. Nikaandika la kwangu. Kalamu haikutetemeka hata kidogo. Tangazo la kizazi lenye jina la dada nililifunga ndani ya sanduku, chini ya vitenge.

Mwezi huu shule imeomba nakala za vyeti vya kuzaliwa. Cheti kinafuata tangazo, na tangazo lina jina la dada yangu. Kwa hiyo ile Jumamosi aliponivuta shuka na kuniuliza mzazi wa mtu "hasa" ni nani, mimi nilikuwa na wiki mbili siwezi kulala, usingizi haukuondolewa na yeye.

Kuna watakaoniambia kwenye maoni kwamba kwetu mama mdogo ni mama, kuna haja gani ya kuchimba. Ni kweli ni mama. Ndiyo maana Kiswahili hakina shida na mimi. Lakini mama mdogo ni mama kwa sababu kuna dada yake aliyetangulia, na mimi huyo dada nilimpaka wino mweupe. Miaka 11 mtoto hajawahi hata kusikia jina lake likitajwa kwa sauti ndani ya nyumba yangu. Nimegundua siku ile mezani kwamba hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Kwamba mimi sikumzaa, hilo nilishalizoea zamani.

Nilimwambia Jumapili, mume wangu akiwa amekaa pembeni. Sikuwa na maneno mazuri. Nilitoa tangazo sandukuni, nikaliweka mezani juu ya vile vitabu vyake, nikasema, "Unakumbuka Wanda na wale walezi wake? Na wewe una stori." Alisoma jina. Akalisoma tena. Akauliza, "Huyu ndiye wa kwenye picha chumbani kwa bibi?" Nikasema ndiyo. Tulikuwa tunamwambia ni shangazi wa mbali.

Alilia? Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Alikwenda nje akakaa kibarazani mpaka magharibi, na nawaambia lile saa zima lilikuwa refu kuliko zamu yoyote. Aliporudi alikuwa na maswali matatu tu. La kwanza, alikuwa anapenda kula nini. Nikasema mihogo ya nazi. La pili, kama alimwona kabla hajafa. Nikasema ndiyo, alimshika, na alipoulizwa amepata mtoto gani alijibu mwenyewe, "Wa kiume." Hilo niliambiwa na mkunga aliyekuwa zamu, na nimelitunza miaka yote nikidhani nalitunza kwa ajili yangu.

La tatu likanishika vibaya. "Sasa mtabadilisha tena?"

Nikamwambia hapana. Hii haibadiliki tena.

Siku mbili hajaniita chochote, si mama, si mama mdogo, anaanza tu sentensi katikati. Jumatano akasahau, akaita "Mama" akiwa bafuni anataka taulo. Sikusema kitu, nikapeleka taulo.

Jana tumekwenda shule na cheti. Mwalimu akatoa ile fomu ya zamani ili irekebishwe, akanyoosha mkono achukue wino mweupe. Nikamwomba anipe kalamu. Nikapiga mstari mmoja juu ya jina langu, nikaandika la dada pembeni, nikasaini, nikaweka tarehe. Mtoto amesimama anaangalia. Akauliza mwalimu kama kuna mahali pa kuandika mlezi. Papo, chini kabisa. Akaniambia, "Hapo jaza wewe."

Zamu yangu inaanza saa moja na nusu usiku, naomba niishie hapa. Wenye maswali ya kitovu niandikieni, nitayajibu asubuhi nikitoka.