Bamvua Ina Tarehe Yake



Wazazi wenzangu, dada zangu na mabinti zetu, tunapozungumza juu ya mafuriko hapa Mombasa huwa tunayataja kama ajali iliyotoka pasipojulikana. Mvua hunyesha usiku kucha, asubuhi tunaona magari yaliyozama hadi milangoni na watoto waliobebwa mgongoni, tunasema "Lahaula", kisha jua linatoka na mazungumzo yanakwisha. Mimi nimezaliwa na kulelewa ukingoni mwa hori la Tudor, katika nyumba ambayo ukiketi barazani wayasikia maji yakiingia na kutoka mikokoni. Kadiri umri unavyosogea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba maji ya mji huu hayaji bila kutoa taarifa. Yana tarehe zake, na tarehe hizo zimo katika kalenda ya Hijria iliyotundikwa ukutani katika nyumba zetu nyingi.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu katikati ya mwezi, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja. Hiyo ndiyo bamvua. Katika siku moja au mbili zinazofuata, maji hujaa sana na kupwa sana. Baina ya bamvua moja na nyingine, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayapandi wala hayashuki kwa kiasi kikubwa. Hapa kwetu, katika bamvua kubwa, tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Tena bamvua yetu ina saa zake: maji hufika kilele mnamo saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri, kisha kila siku husogea mbele kwa takriban dakika 50. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwa na saa ya mkono wala hakusoma majedwali ya bandarini. Aliutazama mwezi, akaijua siku ya kwenda pwani kuokota kombe na siku ya kuinua gunia la mchele kutoka sakafuni.

Elimu hiyo ina faida kubwa zaidi leo kuliko zama zake. Mitaro yetu mingi humwaga maji baharini au horini. Mvua kubwa ikinyesha wakati bahari imekupwa, maji hupata njia, hata kama mtaro ni mwembamba. Mvua hiyohiyo ikinyesha bahari ikiwa imejaa, mdomo wa mtaro huzibwa na maji ya chumvi, na maji ya mvua, yakikosa pa kwenda, hurudi mitaani na kuingia majumbani. Kwa hiyo swali la mama wa nyumba halikomei kuuliza mvua ni kubwa kiasi gani. Linaendelea: leo mwezi ngapi, na bahari itajaa saa ngapi? Masika yetu hushika nguvu kuanzia Aprili na aghalabu Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, na kila masika ina bamvua zake, mbili kwa kila mwezi mwandamo.

Juu ya hayo, bahari yenyewe inapanda. Jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi limeeleza kwamba kati ya mwaka 1901 na 2018 kina cha bahari duniani kilipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kwamba kati ya 2006 na 2018 kasi ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka. Sababu kubwa ni mbili: maji yanapopata joto hutanuka, na barafu iliyolala juu ya nchi kavu, milimani na katika ncha za dunia, inayeyuka na kuingia baharini. Milimita 3.7 ni kama unene wa sarafu mbili zilizopandanishwa. Mtu anaweza kucheka. Lakini sarafu hizo huongezwa kila mwaka chini ya bamvua, na mtaro uliojengwa zama za babu zetu ulipimwa kwa bahari ya zama zile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba bahari ikipanda kwa mita 0.3 tu, takriban asilimia 17 ya ardhi ya Mombasa inaweza kufunikwa na maji.

Sasa nawaomba mnisikilize kwa jambo lililotufika nyumbani, kwa kuwa linawahusu wanawake zaidi kuliko wanaume.

Miaka kadhaa iliyopita mamkubwa wangu alifiwa na mumewe mwanzoni mwa masika. Alikaa eda nyumbani kwake, katika nyumba ya chini iliyo hatua chache kutoka horini. Alikuwa katika mwezi wake wa pili wa eda, usiku wa tarehe 16, mvua ilipoanza magharibi na isikatike. Mtaro uliopita nyuma ya nyumba yake ulikuwa umejazwa kifusi na jirani mmoja aliyetaka kupanua kiwanja chake. Mnamo saa tisa za usiku maji yaliingia kwa mlango wa uani. Hayakuwa maji ya mvua matupu. Yalichanganyika na ya chumvi na uchafu wa vyoo vya shimo. Nilipofika pamoja na kaka yangu tulimkuta amekaa kitandani, amekunja miguu, Msahafu kifuani, na maji yamefika nusu ya matendegu.

"Mamkubwa, simama twende," nikamwambia.

"Siwezi, mwanangu. Nimo edani. Nikitoka nitakuwa nimeivunja haki ya marehemu."

Hakuwa mkaidi. Alikuwa mwanamke aliyeishi na mumewe miaka mingi, na heshima ya mwisho aliyobaki nayo ilikuwa ni kukaa katika nyumba aliyomwachia. Kaka alimpigia simu ustadh aliyetusomesha madrasa. Ustadh aliipokea simu saa hiyo, Mungu amlipe, akaomba azungumze na mamkubwa mwenyewe. Alimweleza kwamba wanazuoni wa fikihi wamelizungumzia jambo hili tangu kale: mwenye eda akiihofia nafsi yake kwa gharika, moto au kuporomoka kwa nyumba, ana ruhusa kuhamia mahali pa salama, na eda yake haivunjiki, ataikamilisha huko alikohamia. Mamkubwa alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi nipe buibui langu." Kaka alimbeba mgongoni hadi barabarani. Aliikamilisha miezi yake 4 na siku 10 nyumbani kwetu.

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza ni wanawake wangapi huketi ndani ya maji kwa sababu kama ile. Mmoja yumo edani. Mwingine yumo katika arobaini ya uzazi na ameambiwa asitoke nje. Mwingine mumewe yuko safarini, naye anaona haya kwenda kulala kwa watu bila ya kumwarifu. Mwingine anamuuguza mzee asiyeweza kutembea. Hawa wote wana udhuru wenye heshima ndani yake, na mafuriko hayangoji udhuru. Mambo haya yafaa kuulizwa mchana, maji yakiwa mbali: muulize mume leo, muulize ustadh leo, muulize jirani mwenye ghorofa leo. Maswali yaliyojibiwa mapema humwokoa mtu usiku.

Jambo jingine lililotugusa ni kisima. Kisima cha mamkubwa kilikuwa cha maji baridi tulipokuwa watoto. Sasa maji yake hayanyweki na sabuni haitoi povu. Wengi husema bahari imepanda, na kweli bahari ikipanda husukuma chumvi ndani ya ardhi. Lakini katika miji kama wetu sababu kubwa aghalabu ni sisi wenyewe: visima vimekuwa vingi, tunavuta maji baridi kuliko mvua inavyoyarudisha, na chumvi huja kujaza nafasi. Basi maji ya mvua yanayotiririka bure kutoka mapaani mwetu ni neema tunayoiacha ipite. Tangi moja chini ya mfereji wa paa humpunguzia mama safari za kisimani, na hupunguza kidogo maji yanayokimbilia mtaroni.

Na mikoko je? Watoto wa rika langu tuliicheza ndani yake. Leo sehemu zake nyingi horini zimekatwa kwa kuni, kwa boriti na kwa viwanja. Mikoko haiizuii bamvua kupanda, lakini mizizi yake huyavunja mawimbi nguvu na kuushika udongo usiliwe. Kule Gazi, katika kaunti ya Kwale, wanakijiji walianzisha Mikoko Pamoja mwaka 2013. Wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hati za kaboni, na mapato yake yamesaidia maji na shule za vijiji vyao. Akina mama wa hapo hapo Gazi wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko, na wageni hulipa kulitembelea. Si mbali na kwetu, na si jambo lililotushinda.

Najua wapo watakaosema kazi hii ni ya serikali, nao wana haki. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2011 kuwa urithi wa dunia, ilikuwa ikiliwa na mawimbi miguuni hadi ikajengewa ukuta wa bahari. Tuta la Makupa, lililokuwa limeyatenganisha maji ya Tudor na ya Port Reitz kwa miaka mingi, limepewa nafasi na daraja lililofunguliwa mwaka 2022, na maji yakapata tena njia. Kazi kubwa zinawezekana pakiwa na nia. Tuendelee kudai mitaro ifunguliwe na waliojenga juu yake waulizwe. Hata hivyo, usiku maji yanapoingia, wa kwanza kuyaona ni mama aliyemo ndani.

Kwetu tumejiwekea utaratibu mdogo. Tarehe za bamvua katika miezi ya masika na vuli tumezitia wino mwekundu. Hati ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na dawa za kisukari za mamkubwa vimo ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati. Misahafu imehamia rafu ya juu. Kila mtoto anajua ni nyumba gani atakimbilia na nani atamshika mkono nani. Maji ya kunywa huchemshwa kwa wiki nzima baada ya mafuriko, kwa kuwa kipindupindu hufuata maji machafu. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi vijana wa mtaa huuzibua mtaro, na sisi huwapikia.

Ama mamkubwa, hakukubali nyumba yake iuzwe, nasi hatukumlazimisha. Tuliinua sakafu kwa matofali mawili na kuufunga mlango wa uani. Mchana hukaa kwake, humwagilia miti yake ya asumini na kupokea wageni. Lakini masika ikiingia, kuanzia tarehe 14 hadi 18, na mwezi unapoandama, hulala kwetu bila ya kusubiri kuitwa. Huja na mto wake, na wajukuu hugombania kulala karibu naye.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na walio ndani yake, awarehemu waliotangulia, na atupe akili ya kuzitumia ishara alizotuwekea mbinguni.