Doa Lina Mzazi Wake

Nguo nyeupe haina siri. Nguo ya rangi huweza kuficha uchafu wa juma zima na mwenyewe akatembea kifua mbele. Nyeupe humfichua mvaaji hata kwa tone moja la chai aliyoinywa asubuhi. Pamoja na hayo, sisi wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tunaipenda mno. Siku ya Ijumaa njia za Buyenzi, hapa Bujumbura, hujaa kanzu nyeupe zinazoelekea msikitini. Jumapili ni zamu ya magauni ya watoto wanaokwenda kanisani. Na siku zote za juma wapo wauguzi na wanafunzi. Aghalabu wenye nguo hizo si matajiri. Mtu wa kipato kidogo huwa na kanzu moja tu ya sikukuu, na doa likikataa kutoka, hana nyingine sandukuni. Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba kuondoa madoa si jambo la kupuuzwa, bali ni sehemu ya uchumi wa nyumba na ya heshima ya watu wake.

Elimu yangu katika jambo hili niliipata kwa marehemu mama yangu, ambaye katika miaka ya 1970 alitulea watoto wanne kwa kufua nguo za watu. Kila Jumatatu alirudi na furushi la shuka, mashati na vitambaa vya meza, vyote vyeupe, na kila Alhamisi alivirudisha vimenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Masharti yalikuwa magumu. Doa lililobaki lilipunguza malipo. Nguo iliyotoboka ililipwa na mfuaji mwenyewe, na shati moja zuri lingeweza kumeza ujira wake wa mwezi mzima. Kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kubahatisha. Alizoea kutuambia: “Doa lina mzazi wake. Liulize kwanza limezaliwa na nani, ndipo ulitafutie dawa.”

Hekima ya maneno hayo ni kwamba madoa si ya ukoo mmoja. Yapo ya mafuta. Yapo yatokayo mwilini, kama damu na jasho. Yapo ya mimea, kama chai na utomvu. Na yapo ya madini, kama kutu. Dawa inayoliondoa la ukoo huu huweza kulikaza la ukoo ule. Anayetumia dawa moja kwa madoa yote ni sawa na tabibu anayewapa wagonjwa wote kidonge kimoja.

Tuanze na mawese, kwa kuwa ndiyo yanayotutembelea zaidi. Mafuta haya, ambayo kwetu hutoka hasa Rumonge na sehemu nyingine za kando ya ziwa, ndiyo roho ya sombe, mboga ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita kisamvu. Rangi yake inatokana na karotini, ambayo imo pia katika karoti na ambayo mwili wetu huigeuza kuwa vitamini A. Kumbe basi doa la mawese ni mambo mawili kwa pamoja: mafuta na rangi, na kila moja lina dawa yake. Kwanza kwangua mafuta kwa mgongo wa kisu, bila kuyasugua ndani ya uzi. Nyunyiza unga mkavu wa muhogo juu ya doa, uache robo saa unyonye, kisha ukung'ute. Paka sabuni ya kipande upande wa nyuma wa nguo, ili doa lisukumwe litoke kule lilikoingilia, kisha fua kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoweza kuvumilia.

Hapo mafuta yatakuwa yamekwisha, lakini rangi ya manjano huenda ikabaki. Wengi hukata tamaa wakati huu na kukimbilia dawa kali. Haifai. Karotini haivumilii mwanga. Anika nguo ingali mbichi penye jua kali, doa likitazama juu, na kama ni lazima rudia kesho na keshokutwa. Jua litaimaliza rangi hiyo bila kumdai mtu hata senti. Jambo la kufurahisha ni kwamba mawese yenyewe hutengenezewa sabuni; mafuta yale yale yanayoichafua kanzu, yakichemshwa pamoja na magadi makali ya sabuni, hugeuka kuwa kitu cha kuisafishia.

Damu ni ya ukoo mwingine kabisa, na sheria yake ya kwanza ni maji baridi. Ndani ya damu mna protini, kama ilivyo katika ute wa yai. Sote tunajua ute wa yai hufanyaje ukikutana na maji ya moto: huganda. Vivyo hivyo, damu iliyomwagiwa maji ya moto hugandia katika nyuzi. Loweka nguo katika maji baridi yenye chumvi kwa nusu saa, badilisha maji yakigeuka mekundu, kisha fua kwa sabuni. Likibaki kovu, dondoshea ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu, ya asilimia 3, ipatikanayo katika maduka ya dawa. Povu likiisha, suuza.

Somo hili lina jambo kubwa zaidi ya nguo. Dada yangu mdogo alivunja ungo siku ya Idd, akiwa amevaa gauni jeupe aliloshonewa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alilivua, akalificha chini ya kitanda, akasema anaumwa na hatatoka nje. Mama alilikuta. Hakumkemea wala hakuwaita watu. Alijaza karai maji baridi, akatia chumvi, akamkalisha kando yake, akamwambia: “Mwanangu, hii si aibu wala si kosa. Ni doa kama madoa mengine, na dawa yake ni hii hapa.” Alimwacha alifue kwa mikono yake mwenyewe. Kabla ya adhuhuri gauni lilikuwa kambani mbele ya macho ya wapita njia wote, na dada yangu yupo barazani akila tambi pamoja na wenzake. Wapo hata leo wasichana wanaokosa masomo kwa kuhofia doa la namna hii. Mama mwenye binti nyumbani, au shangazi, au bibi, na amfundishe jambo hili mapema, kabla siku yenyewe haijafika.

Sasa niseme juu ya ile dawa kali. Kwetu Burundi, kama ilivyo Kongo, huitwa maji ya javeli. Kenya na Tanzania wengi huiita jiki. Jina letu lina asili yake. Javel kilikuwa kijiji kando ya mto Seine, na leo ni sehemu ya jiji la Paris. Katika miaka ya 1780 mkemia wa Kifaransa, Claude Louis Berthollet, alionyesha kwamba klorini huweza kung'arisha vitambaa, na maji yake yakatengenezwa katika kijiji hicho. Kabla ya hapo watu wa Ulaya walitandaza vitambaa vya kitani juu ya majani kwa majuma mengi ili jua livifanye vyeupe. Faida ya javeli, basi, ni haraka. Hasara yake ni kwamba haichagui: huila rangi ya doa, na ikiachwa huula na uzi. Mama aliiogopa kwa sababu hiyo hiyo. Aliwaona wafuaji wenzake wakilipia mashati yaliyokuwa meupe kama theluji lakini yakichanika yakivutwa.

Anayelazimika kuitumia na aitumie kwa pamba na kitani tu, asiiguse hariri, sufu wala nailoni. Kijiko kikubwa kimoja kwa lita moja ya maji baridi chatosha. Nguo ikae dakika 5, kisha isuuzwe mara kadhaa. Isitiwe juu ya kutu, kwani huzidi kuikaza, wala juu ya madoa ya jasho kwapani, kwani huyafanya ya manjano zaidi.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni hili: javeli isichanganywe kamwe na limau, siki wala dawa nyingine ya kusafishia. Miaka michache iliyopita msichana mmoja wa mtaani kwetu alitaka kuitakasa kanzu ya babu yake kwa ajili ya sikukuu. Alimimina javeli na maji ya limau katika beseni moja, ndani ya bafu lisilo na dirisha, akidhani kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Majirani walimtoa akikohoa, macho yakimchuruzika, naye alilala hospitalini siku mbili. Hewa iliyomdhuru ni klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha karibu na Ypres, nchini Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Hata nepi yenye mkojo isitiwe katika javeli kabla ya kusuuzwa vizuri, maana hapo pia huzaliwa hewa ya sumu. Likitokea la kutokea, toka upesi mahali penye hewa safi, na anayekohoa apelekwe hospitali bila kungoja.

Yaliyobaki ni mepesi. Chai na kahawa zimwagiwe maji mara moja, kisha zipakwe maji ya limau kabla ya sabuni. Rangi yake hufifia penye ukali wa limau na hukolea penye magadi, kama uonavyo katika kikombe chenyewe. Kutu ipakwe limau na chumvi, ianikwe juani, isuuzwe. Jasho lipakwe uji mzito wa magadi ya kupikia na maji, likae nusu saa kabla ya kufuliwa. Wino wa kalamu ugongwegongwe kwa pamba yenye spiriti, na kitambaa kikavu kiwekwe chini yake kuupokea. Ama utomvu wa ndizi, ambao huingia mweupe kama maji na kugeuka kahawia ukipigwa na hewa, dawa yake ya hakika ni kuvaa nguo kuukuu unapomenya.

Kwa madoa yote, kumbuka kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Doa la dakika tano huhitaji maji. La siku tano huhitaji dawa. Lililopigwa pasi huhitaji miujiza, kwani joto hulikaza. Kabla ya kutia dawa yoyote mpya, ijaribu kwanza katika pindo la ndani lisiloonekana.

Nawaomba akina baba nao wasiipite makala haya wakidhani kwamba hayawahusu. Mvaa kanzu ndiye ajuaye alimwagikiwa na nini, na saa ngapi. Akifika nyumbani na aseme mara moja, au ainame yeye mwenyewe juu ya karai. Nguo inayoulizwa kwa upole hudumu miaka mingi, nayo humsubiri mtoto akue aivae.