Mgeni wa Kuazimwa na Gharama Zake

Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe akalime. Desturi hiyo ni njema, lakini haikumfikiria mgeni wa namna ya panda. Huyu hukaribishwa kwa miaka kumi au kumi na mitano, hujengewa nyumba yenye ubaridi wa kumfaa, huletewa chakula kutoka mbali, na kwa kila mwaka wa kukaa kwake mwenyeji humlipa mwenye mali fedha nyingi. Jembe hashiki. Kazi yake ni kula, kulala na kutazamwa.

Panda ni mnyama wa jamii ya dubu, mwenye rangi nyeusi na nyeupe, na makao yake ni milima yenye mianzi katika majimbo ya Sichuan, Shaanxi na Gansu nchini China. (Jina lake halihusiani na kitendo cha kupanda, ingawa mtini hupanda vizuri sana.) Tumbo aliloumbiwa ni la mnyama mla nyama, lakini karibu mlo wake wote ni mianzi. Kwa sababu hiyo chakula humpita upesi bila kumnufaisha sana, naye hulazimika kula kilo 12 mpaka 38 kwa siku moja. Tena jike hushika joto mara moja tu kwa mwaka, kwa muda wa siku moja mpaka tatu. Mfugaji wa ng'ombe akiambiwa habari hizi bila shaka atauliza ni nani awezaye kupata faida kwa mnyama kama huyo.

Hata hivyo miji mikubwa ya dunia imeshindana kumpata. Zamani China ilimtoa kuwa zawadi. Mwaka 1972, baada ya Rais Nixon wa Marekani kuzuru Peking, panda wawili, Ling-Ling na Hsing-Hsing, walipelekwa Washington, na Wamarekani nao wakatoa wanyama wawili wa nchi za barafu, wenye manyoya marefu, kuwa shukrani. Panda wale walizaa watoto watano, wala hapana aliyeishi zaidi ya siku chache. Baadaye, katika miaka ya themanini, zawadi kwa nchi za kigeni zilikoma na badala yake ikaja azima. Mwaka 1984, wakati wa michezo ya Olimpiki, panda wawili walikaa Los Angeles kwa miezi mitatu, na watu wakafurika kuwaona. Bustani nyingine zikaona mlango wa fedha umefunguka. Lakini mwaka 1988, bustani ya Toledo ilipowaazima wawili kwa muda mfupi, mashirika ya kulinda wanyama yalikwenda mahakamani kupinga jambo hilo, yakisema kwamba mnyama aliye karibu kutoweka asizungushwe mji hata mji kama watu wa sarakasi. Malalamiko yale yalikuwa na haki. Mnyama anayezaa kwa shida akitumia mwaka wake safarini, mwaka huo umepotea.

Kutokana na ubishi huo uliingia utaratibu ambao umefuatwa tangu miaka ya tisini. Panda huazimwa wawili wawili kwa muda mrefu. Ada hulipwa kila mwaka, na fedha hizo zinatakiwa zitumike kuhifadhi panda wa msituni. Mtoto akizaliwa ugenini ni mali ya China, naye hurudishwa akikua. Kwa maandishi, huo ni mpango wa busara. Ila mpango wa karatasini huonekana uzuri wake au ubaya wake pale mtu anapofungua daftari la hesabu na kutazama mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili.

Tazama habari za Ähtäri. Huo ni mji mdogo wa Finland, wenye watu wasiofika 6,000, katikati ya misitu, mbali na mji mkuu wa Helsinki. Bustani yake ya wanyama ilifunguliwa mwaka 1973, na sifa yake ilikuwa kuonyesha wanyama wa kaskazini ambao baridi ile ni kwao, kama dubu wa kahawia na mbwa-mwitu. Mwaka 2017 Finland ilikuwa ikiadhimisha miaka 100 ya uhuru wake. Mwezi wa Aprili Rais Xi Jinping wa China aliizuru nchi hiyo, na miongoni mwa mapatano ya siku zile lilikuwamo la kuiazima Finland panda wawili kwa miaka 15. Januari 2018 wakafika, dume na jike. Wafini wakawapa majina ya kwao: jike akaitwa Lumi, yaani theluji, na dume Pyry, yaani theluji inayopeperushwa na upepo.

Nyumba yao iligharimu zaidi ya yuro milioni 8. Kisha matumizi ya kila mwaka, pamoja na ada iliyopelekwa China, yakafika yuro milioni 1.5. Ukiigawanya hesabu hiyo kwa siku za mwaka, utaona kwamba ilitakiwa zaidi ya yuro 4,000 kila kulipokucha, awepo mtazamaji au asiwepo. Wenye bustani hawakuwa wajinga. Walitumaini kwamba wageni wangekuja kwa wingi, wa Finland na wa nje, na viingilio vyao vingelipa deni pole pole. Lakini mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona, safari zikakatazwa, na ugonjwa ulipopungua bei za vitu zikapanda. Katika dhiki ya namna hiyo mwenye gari huliegesha, na mwenye duka hupunguza bidhaa. Panda hapunguziwi mianzi, wala ada yake haingoji biashara itengemae.

Bustani iliiomba Serikali ya Finland msaada, ikanyimwa. Septemba 2024 ikatangazwa kwamba Lumi na Pyry watarudishwa kwao, ingawa karibu miaka minane ilikuwa imebaki katika mkataba. Wizara ya Mambo ya Nje ya Finland ikaeleza kwamba huo ni uamuzi wa biashara wa bustani yenyewe, kwamba Serikali haikuhusika nao, na kwamba haukupasa kuharibu urafiki wa nchi hizi mbili.

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini yanastahili kusomwa mara mbili. Siku ya kupokea, panda walikuwa alama ya urafiki wa mataifa, na wakubwa wa pande zote mbili walishangilia. Siku ya kulipa, panda wakawa biashara ya mji wa watu elfu chache. Ni kweli pia kwamba bustani iliwataka yenyewe; hapana aliyeilazimisha. Na Serikali ilikuwa na hoja nzito, kwa sababu kodi ya wananchi ina hospitali na shule za kuitazamia. Hata hivyo, yule aliyepata heshima ya jambo angepaswa kuonekana angalau mahali pamoja katika daftari la matumizi. Katika kijiji chochote, mzee anayemwalika mgeni kwa jina la ukoo mzima kisha akamwachia mjane mmoja kazi ya kumlisha, watu watamsema.

Isidhaniwe kwamba azima hizi hazina faida. Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, uliwapokea Tian Tian na Yang Guang mnamo Desemba 2011, na katika miaka ya kwanza watu walimiminika. Mtoto wa shule aliyesimama mbele ya kioo akamwona panda akimenya mwanzi kwa kidole chake cha bandia (maana mfupa wa kiganja umerefuka ukawa kama kidole gumba) hatahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini msitu ulindwe. Washington nako, panda wa azima waliofika mwaka 2000 walipata watoto wanne waliokua: Tai Shan, Bao Bao, Bei Bei na Xiao Qi Ji. Waganga wa wanyama walijifunza mengi juu ya mimba ya panda, ambayo ni ngumu kutambua hata kwa vyombo, na juu ya kulea kitoto kisichozidi uzito wa kipande cha siagi.

Lakini Edinburgh, iliyosemekana kulipa kiasi cha pauni 750,000 kwa mwaka, haikupata hata mtoto mmoja, ijapokuwa wataalamu walijaribu mara nyingi kumtilia jike mbegu kwa vyombo. Desemba 2023, baada ya miaka 12, wale wawili walirudi China kama walivyokuja.

Na msitu je? Hesabu iliyotangazwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba panda wa msituni walikuwa 1,864, nao walikuwa wameongezeka. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la IUCN likawaondoa katika daraja la walio hatarini kutoweka na kuwaweka katika daraja nafuu kidogo. Sababu kubwa ya maendeleo hayo ilikuwa kazi iliyofanywa China kwenyewe: kukataza ukataji wa misitu ya asili tangu mwaka 1998, kupanda miti, na kutenga hifadhi 67. Fedha za azima zilitakiwa kuisaidia kazi hiyo, lakini mwaka 2024 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba sehemu yake ilitumika kujengea nyumba za kupangisha na barabara. Mwananchi wa mji mdogo aliyelipa kiingilio akiamini kwamba anamkomboa panda wa Sichuan ana haki ya kuonyeshwa hati ya malipo.

Msomaji wa Kenya naye asiyaone mambo haya kuwa ya Wazungu na Wachina peke yao. Desemba 2009 faru weupe wanne wa kaskazini walifika Ol Pejeta, karibu na Nanyuki, wakitoka katika bustani ya Dvůr Králové katika nchi ya Cheki. Walikuwa madume Sudan na Suni, na majike Najin na binti yake Fatu. Bustani ile haikuwatoa moja kwa moja. Waliendelea kuhesabiwa kuwa mali yake. Sudan alikuwa amekamatwa mwaka 1975 akiwa mdogo, katika sehemu ambayo leo ni Sudan Kusini. Najin na Fatu walizaliwa ugenini. Matumaini yalikuwa kwamba jua na majani ya Afrika yatawarudishia uzazi. Haikuwa hivyo. Suni alikufa Oktoba 2014, na Sudan tarehe 19 Machi 2018, wakabaki mama na binti, wakilindwa usiku na mchana na walinzi wenye silaha.

Anayetafuta faida ya viingilio ataisema azima hiyo kuwa hasara tupu. Lakini lau bustani ya Cheki isingaliwatunza faru wale katika miaka ambayo majangili waliwamaliza ndugu zao huko Garamba, pasingalikuwa na faru mweupe wa kaskazini wa kuletwa Nanyuki. Na lau wasingaliletwa, wangalimalizia siku zao zizini, kwenye baridi. Agosti 2019 wataalamu walitoa mayai katika miili ya Najin na Fatu, wakayapeleka Italia, na huko yakaunganishwa na mbegu za madume waliokwisha kufa zilizokuwa zimehifadhiwa katika baridi kali. Mimba changa zilizopatikana zikawekwa akiba, zingoje kupandikizwa katika tumbo la faru jike wa kusini. Ni kazi ya kubahatisha na yenye gharama kubwa. Tofauti yake na panda wa Ähtäri ni kwamba hapa mnyama alihamishwa kwa haja yake mwenyewe, karibu na nchi ya mababu zake, wala mji wowote haukuahidiwa utajiri kwa kuja kwake.

Tena bustani zenyewe hazilingani nguvu. Ile ya Washington ni ya taifa, watu huingia bila kulipa, na imepata matajiri wa kuichangia nyumba ya panda. Mwaka mbaya wa biashara hauwezi kuivunja kama ulivyoivunja ile ya Finland, na kwa sababu hiyo mkataba mmoja ulioandikwa kwa maneno yale yale huwa mwepesi kwa huyu na mzito kwa yule. Mji mdogo unaotamani panda ungefanya vema kuuliza mapema ni nani atakayelipa katika mwaka wa saba, hamu ya watu itakapokuwa imepoa, na kutaka jibu hilo liandikwe na kutiwa sahihi na Serikali yenyewe, si na meneja wa bustani peke yake.

Washington iliwarudisha panda wake Novemba 2023, na haikukaa bila panda hata mwaka mmoja. Oktoba 2024 ilipokea wengine wawili, Bao Li na Qing Bao, kwa miaka kumi, kwa ada iliyotajwa kuwa dola milioni 1 kila mwaka. Mwezi ule ule Lumi na Pyry walitengwa na watazamaji kwa muda wa mwezi mmoja, kama sheria ya afya itakavyo, na Novemba wakapakiwa katika ndege kurudi China.